Kadi ya Jubilee Ilibaki Mkononi mwa Koti Langu

Dada Verdell,

Sijawahi kumwandikia mtu wa gazeti, na kusema kweli nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, hasa yule aliyekuuliza kama inafaa kudai zawadi ya harusi baada ya ndoa kuvunjika, lakini leo zamu yangu imefika na nakuomba unisaidie, maana nimekaa na jambo hili wiki tatu, chakula hakipiti, na nimeanza kuogopa watoto wadogo, mimi ambaye kazi yangu ni watoto wadogo.

Nina miaka sitini na mmoja, mjane, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikivusha watoto wa shule kwenye kona moja hapa Rochester. Ni yule mama wa kizibao cha kung'aa na kibao chekundu, nikikiinua hata lori la kuzoa theluji linasimama. Sina mtoto wala mjukuu, na ndiyo maana walinichagua mimi kwa kazi ya kura nitakayokueleza. Ng'ambo ya kona yangu kuna shule ya mkataba, ni ya umma, haina ada wala mtihani wa kuingia, na kila mzazi wa mitaa yetu anaililia kwa sababu watoto wa pale wanasoma kweli. Nafasi za chekechea ni ishirini na nne na mwaka huu walioomba walikuwa mia moja thelathini na mmoja, kwa hiyo ilibidi ipigwe kura mbele ya watu, na anayechomoa majina awe mtu ambaye hana mtoto humo. Kwingine kura inapigwa na kompyuta, lakini hapa wazazi waligoma wakasema kompyuta haioni haya, basi shule ikarudi kwenye kadi na pipa la kuzungusha, na mwalimu mkuu akaja mwenyewe hadi kwenye kona yangu akaniambia, "Bi Earlene, hakuna mtu hapa asiyekuamini, tufanyie hisani." Nilifurahi, dada, nisikufiche, nilifurahi hata nikaenda kutengeneza nywele.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi jioni mwezi wa nne, theluji ilikuwa imeanguka tena, na mitambo ya joto ya ukumbi wa michezo ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilibaki na koti langu la kazi, lile ambalo bitana yake imechanika karibu na kiganja cha mkono wa kulia tangu majira ya baridi na kila Jumapili nasema nitaishona. Nikaanza kuchomoa. Nachomoa kadi, nampa mwalimu, anasoma jina kwenye kipaza sauti, karani anaandika namba, watu wanapiga kelele au wananyamaza. Namba ya ishirini na nne, ile ya mwisho ya kuingia, ilikuwa ya Tavion, mjukuu wa Arnetta, jirani yangu tunayekaa naye nyumba moja, yeye chini mimi juu, na Arnetta aliruka akaangusha kiti, licha ya goti lake bovu. Tukaendelea mpaka pipa likawa tupu, kwa sababu waliobaki wanapangwa kwenye orodha ya kusubiri kwa namba zao.

Basi pipa likiwa tupu na watu wanavaa kofia, akasimama mwanamke mmoja anaitwa Renita, akasema, "Samahani, jina la mwanangu halijasomwa."

Karani akapekua karatasi zake akasema, "Mama, majina yote yamesomwa. Labda ulitoka nje kidogo."

"Nitoke niende wapi? Nimekaa hapa tangu saa kumi na moja, mkojo umenibana na sikuinuka! Jubilee Mack. Fomu nilileta kwa mkono wangu, wewe ndiye uliyeipokea!"

Watu wakacheka pale pa mkojo, na kuna mtu nyuma yangu akasema, "Wengine fomu tu inawashinda." Karani akaikuta kweli fomu kwenye faili, lakini jina kwenye karatasi ya namba hakuliona, na mwalimu mkuu alikuwa amechoka, akasema basi tumwandike mwishoni, namba mia na thelathini na moja. Renita akabaki amesimama peke yake katikati ya viti akiwa ameshika kofia ya mtoto.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Huyo Renita nilikuwa na neno naye. Mwezi wa tisa aliegesha gari lake juu ya mistari yangu ya kuvukia, nikaligonga boneti kwa kiganja, nikamwambia maneno, naye akaandika barua kwa jiji, nikaitwa ofisini nikapewa onyo la maandishi, onyo la kwanza katika miaka kumi na tisa. Kwa hiyo pale aliposimama mimi nilifurahi. Si sana, lakini nilifurahi, nilijiambia moyoni, leo na wewe umeonja. Na wakati najiambia hivyo kadi ya mtoto wake ilikuwa ndani ya koti langu na mimi sijui, haki ya Mungu sikujua.

Nilijua asubuhi yake. Jubilee yuko darasa la watoto wadogo kwenye shule nyingine mbele kidogo, na anayempeleka ni babu yake, mzee Cleophus, anatembea kwa fimbo na kila mara yuko hatua kumi nyuma. Mtoto akafika ukingoni, nikainua kibao, na kadi ikachomoka kwenye mkono wa koti ikaangukia barabarani. Mtoto akaiokota. Ana miaka minne na nusu lakini jina lake analijua. Akasema, "Hii ni mimi! Bi Earlene, hii ni mimi!"

Hebu fikiria, dada. Magari yamesimama pande zote mbili na mimi nimesimama katikati na kibao hewani. Nikamwambia, "Ndiyo mpenzi, naandika majina ya watoto wazuri wote ninaowavusha." Nikaichukua. Akavuka anarukaruka, na kufika shuleni kwao akawaambia wenzake, na Jumatatu watoto wakanizunguka kama njiwa, "Na mimi umeniandika? Na mimi je?" Nikarudi nyumbani nikakata maboksi ya nafaka za kiamsha kinywa nikaandika majina ya watoto arobaini na sita kwa kalamu nene, ili uongo wangu usimame, na sasa kila asubuhi naonyesha kadi kama mcheza karata, huku ile ya kweli iko ndani ya Biblia yangu, na Biblia yenyewe siifungui.

Mimi ningekwenda kusema siku ileile. Nilifika hadi mlango wa shule. Lakini nikafikiri, nikisema, wataifuta kura yote warudie, na Tavion atapoteza nafasi, na huyo mtoto Arnetta anamlea peke yake, na tangu siku ile Arnetta ananiletea sufuria ya mboga na pai ya viazi vitamu kila Jumapili na kunibusu mkono mbele ya watu kanisani anasema mkono huu umebarikiwa. Na nikafikiri tena, nani ataamini kwamba ilijificha yenyewe? Watu wote wanajua habari ya boneti na barua. Watasema Earlene alimlipiza mama kwa mtoto. Miaka kumi na tisa yote itafutika kwa siku moja. Halafu nikajifariji kwamba mtoto mwenyewe labda angekuwa namba mia hata hivyo, nani ajuaye.

Ningeweza kuendelea hivyo, nakwambia ukweli. Lakini wiki iliyopita mzee Cleophus alisimama kwenye kona yangu mtoto alipokwisha kuvuka, akaegemea fimbo yake, akasema, "Dada Earlene, nyumbani kwangu hakukaliki. Baba wa mtoto anapiga simu kutoka Buffalo kila siku, anamwambia Renita fomu moja imekushinda, mtoto nitamchukua mimi nikamsomeshe huku. Na mimi mjinga nikamuuliza binti yangu, una hakika hukutoka nje? Hajanisemesha tangu siku hiyo." Kisha akaniangalia. "Wewe ulikuwa pale mbele. Ulimwona akitoka?"

Dada Verdell, nilisema, "Sikumbuki, kaka."

Akanishukuru. Akanipigapiga begani akaenda zake polepole.

Ijumaa hii wazazi wa wale ishirini na wanne wanasaini, na baada ya hapo nasikia mambo yanafungwa. Nifanyeje? Nikinyamaza nitakufa nalo, na nikisema nitawaumiza wasio na hatia. Tafadhali usinitaje jina.

Mwenye Kibao

*

Mwenye Kibao mpenzi,

Hukutaka nikutaje jina, na katika barua yako umenitajia kazi, kona, umri, jirani wa chini, na boneti. Majina yote nimebadilisha, hata mwezi wa onyo lako, lakini mtu wa mtaa wako atakujua kabla kahawa yake haijapoa. Wewe si mjinga. Mtu anayetaka jambo lake lizikwe haandikii gazeti. Kwa hiyo jibu hili nilikutumia nyumbani Jumatatu, maana Ijumaa haingoji ukurasa wangu utoke, ukaniruhusu nilichape, na nakushukuru kwa hilo.

Kwanza pole. Kadi kuteleza ndani ya bitana si dhambi, mama. Ni koti bovu na ukumbi wenye baridi. Ungeipeleka kesho yake asubuhi, ukiwa bado umevaa kizibao chako, watu wangecheka, karani angeona aibu, na wiki ile ingeisha. Na ule uongo wa kwanza kwa mtoto nao nakusamehe, kwa sababu ulikuwa umesimama katikati ya magari, na kwa sababu kusema kweli nilicheka mpaka miwani ikadondoka nilipofika kwenye maboksi ya nafaka. Arobaini na sita! Ungetumia nguvu hiyo kushona mkono wa koti.

Lakini "sikumbuki, kaka" sicheki nayo. Mzee wa watu alikuja kwako na fimbo yake kuuliza kama binti yake ni mwongo, na wewe ndiye mtu pekee katika mji huu mwenye jibu, umelifungia ndani ya Biblia. Renita alisema kweli mbele ya watu mia mbili, akachekwa, akaambiwa alitoka nje. Sasa hata baba yake hana hakika naye, na mwanamume wa Buffalo amepata fimbo ya kumchapia. Unasema ukisema utawaumiza wasio na hatia. Na hao ni nani? Umewahesabu Arnetta na Tavion na jina lako zuri, ukaruka nyumba moja.

Unasema labda mtoto angekuwa namba mia. Labda. Labda angekuwa wa mwisho kabisa, palepale walipomwandika. Hilo umelitafuna wiki tatu kama ubani na sasa halina ladha, liteme. Watoto mia na thelathini walipata nafasi ya kushinda au kushindwa. Jubilee hata kushindwa hakupewa. Hilo tu ndilo deni, wala huhitaji kujua namba ili ulilipe.

Na kuhusu kura kurudiwa: mimi sijui watakavyoamua, na wewe hujui. Huenda wakarudia yote, huenda wakamtafutia mtoto mmoja mahali, huenda wakafanya jambo ambalo wewe na mimi hatujalifikiria. Walikupa kazi ya kuchomoa kadi. Kazi ya kuamua nani aingie hawakukupa, na kwa wiki tatu umeifanya peke yako jikoni, kila siku unapiga kura upya na kila siku anashindwa mtoto yuleyule.

Basi fanya hivi, na ufanye kesho.

Ukimaliza zamu ya asubuhi, usivue kizibao, vuka barabara uende ofisini kwa mwalimu mkuu. Chukua kadi ileile na koti lilelile, bitana ikiwa hivyohivyo, usiishone sasa. Andika kwa mkono wako nini kilitokea, siku gani uliipata, na kwamba umekaa nayo wiki tatu. Usiandike siku moja. Weka saini, mwambie karani apige mhuri na tarehe, na uombe nakala. Waambie unataka barua ya shule iende kwa Renita Mack kwamba fomu yake ilifika na kwamba hakutoka ukumbini. Hilo uliombe hata kama mengine yote wanakataa, kwa sababu hiyo karatasi ndiyo atakayomsomea mtu wa Buffalo kwenye simu.

Mwalimu mkuu anaweza kukwambia tukae kimya, mambo yameshapangwa. Walimu wakuu nao ni binadamu na wanachoka. Ukiambiwa hivyo, sema hapana, kisha uombe anwani ya bodi ya shule na upeleke nakala huko siku hiyohiyo. Wewe umezoea kusimamisha malori.

Kisha Arnetta. Shuka ngazi umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwingine, na usimwahidi chochote. Atalia, na pengine hatakuletea chakula tena. Pai ile, mpenzi, ulikuwa unaila kwa jasho la mtu mwingine, na nadhani ndiyo maana haikupita kooni. Tavion asipopata nafasi itauma, na nitaumia pamoja nanyi, lakini hatakuwa ameibiwa na mtu. Mtu mzima anaweza kumweleza mtoto jambo hilo.

Watoto wa kona yako wataridhika ukiwagawia kadi zao waende nazo nyumbani. Hao ndio rahisi.

Jina lako sasa. Ndiyo, watakuwepo watakaosema ulifanya makusudi. Wengine watasema hadi mwaka kesho, na kuna atakayekutazama vibaya kanisani wakati wa kupeana mikono. Siwezi kukuondolea hilo. Lakini watu wa kona yako wamekuona miaka kumi na tisa kwenye mvua na theluji, na wengi wao wanajua kutofautisha aliyekamatwa na aliyekuja mwenyewe. Umebakiwa na siku chache za kuwa yule wa pili. Baada ya Ijumaa hutakuwa na uchaguzi huo.

Nimemweka Renita mwisho kwa sababu kwake ndiko kugumu. Nenda jioni, atakapokuwa ametoka kazini, mzee Cleophus akiwepo. Usibebe pai wala maua, na usimtume mchungaji akutangulie. Ukifunguliwa mlango, sema kabla hujakaribishwa kuketi, maana ukishaketi utaanza kuzunguka: "Kadi ya Jubilee ilikuwa kwangu. Hukutoka ukumbini. Nilijua kesho yake na nikanyamaza." Bitana usiitaje mpaka uulizwe. Boneti usiitaje kabisa. Mgeukie mzee umwambie ulikumbuka vizuri sana siku ile alipokuuliza. Kisha kaa kimya, na usiombe msamaha siku hiyo, kwa sababu ukiuomba utamfanya akutunze wewe wakati yeye ndiye aliyeumizwa.

Atakufokea, na anayo haki. Usiondoke. Na akimaliza, kuna jambo moja atakuuliza, kwa sababu mimi ni mwanamke na ningeuliza: kama ulifurahi alipobaki amesimama pale peke yake watu wakimcheka. Usitafute maneno. Mwambie ndiyo, ulifurahi, na umwangalie usoni unapomwambia.

Verdell